Mkono wa Mwisho Hauna Hatia

Shangazi yangu alivuta kitasa cha ndani cha mlango wa nyuma ili ashuke. Kikatoa mlio mkavu, kikabaki mkononi mwake. Mlango haukufunguka. Nilizunguka nje nikamfungulia, nikamkuta bado amekishika kile kipande kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa.

"Nisamehe mwanangu, nimekuvunjia gari."

Nikamwambia hapana, shangazi, hujavunja kitu. Akaomba radhi tena tulipofika kizingitini, na mara nyingine wakati wa kuagana.

Msamaha ule ulinikaa kichwani kwa wiki nyingi. Mtu mzima alitumia kitasa kwa kazi ambayo kitasa kimetengenezewa, akaondoka akiamini ameharibu mali ya mwenzake. Jibu langu lilikuwa la adabu, lile ambalo kila mtu angempa mkubwa wake. Nilitaka kujua kama lilikuwa pia la kweli.

## Ufa una umri

Nilikiweka kile kipande chini ya taa kali. Kilikuwa kimekatikia kwenye sikio, yaani ile sehemu nyembamba yenye tundu ambamo pini ya kitasa huzunguka. Pale palipokatika hapakuwa na rangi moja. Sehemu kubwa, karibu theluthi mbili, ilikuwa ya kijivu iliyochujuka, yenye vumbi na utando wa mafuta. Ukanda mwembamba uliobaki ulikuwa safi, umeparara, na una weupe kidogo.

Vumbi haliingii ndani ya plastiki nzima.

Kumbe ufa ulikuwepo tangu zamani, ukisogea kidogo kila mtu aliposhuka, na kila uliposogea ulifungua nafasi mpya ya uchafu kuingia. Siku ile kilikatika ule ukanda safi peke yake. Kitasa kilikuwa kimebakiwa na theluthi moja ya nguvu zake, na hakuna aliyejua kwa sababu kwa nje kilionekana kizima.

Weupe ule nao una habari zake. Plastiki ya ABS, ambayo hutumika sana ndani ya magari, ina chembechembe za mpira zilizotawanywa ndani yake ili isivunjike kama kioo. Ikivutwa kupita uwezo wake, hufunguka vijitundu vidogo mno kuzunguka chembe hizo, na vijitundu hivyo hutawanya mwanga. Ndiyo maana plastiki nyeusi iliyoelemewa huonyesha mstari mweupe muda mrefu kabla haijakatika. Nilikwenda kuangalia vitasa vya milango mingine kwa tochi. Cha mlango wa mbele wa abiria kilikuwa na mstari huo, mahali palepale.

## Nani alikuwa akivuta

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Kujua kwamba kitasa kilikuwa kikivunjika kwa miaka hakuniambii kwa nini kilikuwa kikivunjika. Sikio lile lilikuwa na unene wa kutosha kwa kazi ndogo ya kuvuta kebo. Kama lilichoka, basi kazi haikuwa ndogo.

Nilitoa paneli ya mlango, nikachomoa kebo kwenye kitasa, nikavuta ncha yake kwa mizani ya kuning'iniza mizigo. Nikafanya vilevile kwenye mlango wa upande wa pili. Mlango wa shangazi ulitaka nguvu zaidi ya mara mbili.

Loki ilikuwa imekauka. Grisi ya kiwandani ilikuwa imegeuka utandu mgumu uliochanganyika na vumbi, na ala ya kebo ilikuwa imepasuka mahali inapokunjwa, maji yakaingia, waya wa ndani ukashika kutu. Sasa fikiria kitasa kama wenzo, kwa maana ndicho kilivyo. Mkono huvuta upande mrefu, kebo imefungwa karibu kabisa na pini, kwa hiyo nguvu ya mkono hukuzwa kabla haijafika kwenye kebo, na sikio la pini ndilo linalobeba mzigo wa pande zote mbili. Kebo ikiwa nzito mara mbili, sikio hubeba mara mbili kila mlango unapofunguliwa, mwaka baada ya mwaka.

Plastiki ilikuwa ikilipa deni la chuma.

Tangu hapo siwezi kutazama kitu kilichovunjika ndani ya gari bila kutafuta nani alikuwa akivuta kutoka upande wa pili. Mlango wa kidroo cha mbele ya abiria hukatika bawaba kwa sababu kile kizuizi kinachoushusha polepole kimekufa, nao unaanguka kwa uzito wake wote. Vibamba vya tundu la hewa hukatika vijipini kwa sababu kijiti kinachoviunganisha kwa nyuma kimekwama. Kifuniko cha kisanduku katikati ya siti hupasuka kwenye bawaba kwa kuwa watu hukiegemeza kiwiko huku mto mmoja wa mpira uliokuwa ukikipokea umeshapotea. Kila mara kuna kitu kidogo nyuma ya pazia kilichoacha kazi yake, na plastiki ikaibeba kimya.

Na kila mara kuna mtu aliyekuwa wa mwisho kugusa. Mtoto aliyegeuza tundu la hewa. Rafiki aliyefunga kidroo. Hao ndio wanaogombezwa. Nimewahi kusikia mtoto akifokewa njia nzima kwa kibamba cha plastiki ambacho, nina hakika sasa, kilikuwa kimeshakwisha kabla hajakigusa.

## Jua nalo lina mkono

Sitaki kubebesha loki lawama zote. Gari lililoegeshwa juani ni tanuri dogo. Utafiti wa Arizona State University uliochapishwa mwaka 2018 ulipima magari yaliyoachwa juani siku za joto kali: baada ya saa moja, dashibodi zilifika wastani wa nyuzi joto 69 za selsiasi, na hewa ya ndani takriban 47. Sehemu ya ABS iliyo ya kimpira ndiyo inayoathirika kwanza na mionzi ya jua pamoja na oksijeni ya hewa. Minyororo yake hukatika, ule mpira uliokuwa ukizuia ufa usikimbie hugeuka mgumu, na plastiki hubaki na umbo lake lakini ikiwa imepoteza uvumilivu.

Halafu kuna kutanuka. Kipande cha ABS chenye urefu wa mita moja, kikipanda joto kwa nyuzi 40, hurefuka kwa takriban milimita 3. Chuma cha urefu huohuo hurefuka kwa nusu milimita tu. Plastiki iliyofungwa kwenye chuma inataka kutembea kila mchana na kurudi kila usiku, na ndiyo maana matundu mengi ya skrubu kwenye paneli ndefu ni marefu kidogo badala ya kuwa duara. Mtu akikaza skrubu hizo kwa nguvu zote ili kelele ziishe, anakizuia kipande kutembea, na kisipoweza kutembea kitapasuka kwenye kona iliyo dhaifu kuliko zote.

## Soma mgongo wa kipande

Hili ningependa kila mtu alijue kabla hajafungua gundi. Geuza kipande, tafuta herufi zilizo katikati ya alama mbili za mshale, kama >ABS< au >PP<. Ni alama za kimataifa, zinafuata kiwango cha ISO 11469, na ziliwekwa ili plastiki ziweze kutenganishwa wakati wa kurejeleza. Kwa anayetengeneza, herufi hizo ndizo zinazoamua kama kazi itashika au itabanduka.

ABS huyeyuka kwa asetoni, na hilo ni jambo la kufurahia, kwa sababu pande mbili zilizovunjika zinaweza kuyeyushwa zikawa kitu kimoja tena. PC+ABS hukubali kwa kiasi, ila polikaboneti iliyomo huweza kupata nyufa ndogondogo ikilowa sana, kwa hiyo ni kupaka kidogo kwa subira. PA6-GF30 ni nailoni yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo: ngumu, haijali asetoni, lakini ikikwaruzwa vizuri kwa msasa hukubali gundi ya epoksi ya sehemu mbili. POM ndiyo ile plastiki laini ya kuteleza inayotumika kwenye klipu na meno ya gia ndogo. Sijawahi kuona gundi ya kawaida ikiishika kwa muda, nami hutafuta kipande kingine.

Na PP, polipropilini, ambayo imejaa kwenye paneli za milango na za nguzo zinazoshika paa la gari. Watu huihangaikia sana hii. Gundi hukauka juu yake vizuri kabisa, kisha hubanduka nzima kama ngozi, kwa kuwa uso wa PP hauvuti kimiminika. Gundi hukaa juu bila kuingia popote. Inahitaji kipakwa chake maalumu kabla ya gundi, au kuchomelewa kwa joto kwa kutumia uzi wa PP ileile. Huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na mshono wake ukifanywa polepole unaaminika.

Kuna wanaopima kwa maji wakikosa alama: PP safi huelea, ABS huzama. Kipimo hicho ni cha kweli kwa PP safi tu. Ile iliyoandikwa PP-T20 imechanganywa na unga wa talki asilimia 20, nayo huzama vilevile.

## Wiki za kusitasita

Kitasa cha shangazi kilikuwa >ABS<. Njia ilikuwa wazi, na bado sikuanza.

Swali lililonizuia halikuwa la ufundi. Kifuniko cha kisanduku kikibanduka, kimebanduka tu. Kitasa cha ndani ni njia ya mtu kutoka. Je, nina haki ya kumkalisha mtu nyuma ya mlango unaofunguliwa na kitu nilichokiunga mwenyewe? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Wakati huo wote mlango ule haukukaliwa na mtu.

Niliangalia njia nyingine. Kitasa kipya cha gari hilo hakitengenezwi tena. Nilipata kilichotumika, kutoka gari la aina ileile na umri uleule. Nilikigeuza kwenye mwanga, na pale kwenye sikio kulikuwa na mstari mweupe. Kile kilikuwa kimekaa kwenye jua lilelile la miaka ileile na kuvuta loki ya aina ileile, isipokuwa hakikuwa kimefikia mtu wake wa mwisho.

Njia ya tatu ni kuchapisha kitasa kwa mashine ya pande tatu, yaani printa ya 3D. Naiheshimu njia hiyo kwa vitu vingi. Lakini plastiki ya PLA, inayotumika zaidi kwenye mashine hizo, huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na tumeshaona dashibodi inavyofika 69. ABS, au ASA ambayo ni plastiki inayofanana nayo, ingevumilia joto, ila kitu kilichochapishwa huwa tabaka juu ya tabaka, na sikio la pini lingevutwa hasa upande ambao tabaka hubandukana.

Kile kitasa kilichotumika ndicho kilichonifungua macho. Nilikuwa nikilinganisha kitu kilichotengenezwa na kitu kizima, na kumbe kizima hakikuwepo sokoni. Kilichokuwepo ni ufa usiojulikana umefika wapi. Ufa wangu niliujua kila milimita. Na kama ningeweza kuuondoa mzigo kwenye plastiki na kuuhamishia kwenye chuma, mlango ungekuwa salama kuliko ulivyokuwa kabla haujavunjika.

Nilianza na loki.

## Kazi yenyewe

Nilisafisha loki mpaka utandu wote ukatoka, nikaipaka grisi nyeupe ya lithiamu, nikabadilisha kebo. Mizani ikasoma chini ya ile ya mlango mzuri. Kwangu mimi kitasa kilikuwa kimeshatengenezwa kwa zaidi ya nusu, na gundi bado haijafunguliwa.

Kisha ABS. Unakata vipande vidogo vya plastiki ya aina ileile na rangi ileile, kwa mfano mbavu zisizobeba kitu nyuma ya kipande kilichotupwa, unavitia kwenye chupa ya kioo yenye asetoni kidogo na kuifunga. Ukiacha usiku mzima unapata ujiuji mzito unaochuruzika polepole. Fanya hivyo mahali penye hewa, mbali na moto wowote, kwa maana mvuke wa asetoni huwaka hata katika baridi kali. Nilisafisha mvunjiko, hasa ile sehemu ya kijivu. Mafuta ya miaka hayayeyuki pamoja na plastiki. Nikalowesha pande zote mbili kwa asetoni tupu mpaka zikanata, nikapaka ujiuji, nikabana.

Halafu kungoja. Uso hukauka haraka na kumdanganya mtu. Ndani ya kiungo kinene asetoni huchukua siku kadhaa kutoka, na mpaka itoke plastiki bado ni laini. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibiwa, mtu anajaribu nguvu jioni ileile.

Kilipokuwa kigumu kweli nilichonga mfereji kuzunguka sikio, nikalaza kipande chembamba cha chuma cha pua kilichokunjwa kufuata umbo lake, chenye tundu la pini, nikakizika kwa epoksi. Pini sasa hukaa ndani ya chuma. ABS inabakiza umbo, chuma kinabeba mzigo.

Kwa kile cha mlango wa mbele, kilichokuwa na mstari mweupe bila kukatika, nilitafuta ncha ya ufa kwa kioo cha kukuzia, nikatoboa tundu la milimita 2 pale unapoishia. Ncha kali ya ufa hukusanya nguvu yote mahali padogo; tundu la duara huitawanya. Kisha nacho nikakitia chuma. Kazi ya namna hii haionekani na hakuna atakayeisifu, lakini naiona bora kuliko zote nilizofanya.

Sikutumia supa gluu, ingawa naithamini. Harry Coover na wenzake wa Eastman Kodak waliikuta mwaka 1942 walipokuwa wakitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, wakaiacha kwa sababu ilinata kwenye kila kitu. Iliuzwa kama gundi mwaka 1958. Inafaa sana kushikiza vipande mahali pake wakati wa kuandaa kazi nyingine. Lakini ikikauka huwa ngumu bila kunesa, haipendi mshtuko, na nyingi za kawaida huanza kudhoofika kwenye nyuzi 80 hivi. Kwenye kitu kinachovutwa kwa ghafla ndani ya gari lenye joto, siipi kazi hiyo.

Niliacha gari juani mpaka mchana ukaiva, nikavuta vitasa vyote viwili kwa ile mizani, mara kadhaa zaidi ya nguvu inayohitajika kufungua mlango. Nikarudia tena na tena. Siku nyingine nikarudia asubuhi penye baridi, kwa kuwa plastiki iliyopoa hukatika kwa urahisi zaidi. Baada ya hapo nilimpigia shangazi simu, nikamweleza habari ya vumbi ndani ya ufa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo hata ningekivuta polepole?"

Hata ungekivuta polepole, shangazi.

## Mahali gundi haiendi

Kuna sehemu ambazo sizigusi, nazo nazitaja kwa sababu ukishaona ABS ikiungana unaweza kutaka kuunga kila kitu. PVC, ile ngozi ya dashibodi, siichomi kwa joto, kwani hutoa gesi ya asidi ya hidrokloriki. POM ikiungua hutoa fomaldehidi.

Kifuniko chochote chenye maandishi ya AIRBAG (eabegi, yaani begi la hewa linalofumka wakati wa ajali) kikipasuka, kwenye usukani, dashibodi, ubavuni mwa siti au kwenye nguzo, sikipaki kitu. Kwa nyuma kina mstari uliokonda makusudi, ili kipasuke mahali maalumu na kwa namna maalumu, na begi hujaa ndani ya takriban sekunde 0.03. Epoksi juu ya mstari huo hubadili njia ya begi, au hugeuza kifuniko kuwa kipande kigumu kinachorushwa usoni. Hata kufungua tu paneli zilizo karibu na eabegi nafanya baada ya kutenganisha betri na kungoja muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Paneli nyingi za nguzo zilizo juu ya eabegi za pazia, zile zinazoshuka kufunika madirisha, hushikwa na klipu zenye mkia, unaozuia paneli isiruke begi linapofunguka. Watengenezaji wengi huagiza klipu hizo zibadilishwe kila paneli inapotolewa. Hizo nanunua mpya, na zile za zamani sizirudishi hata zikionekana nzima.